Majina ya Kujazia

Nimechoka na hawa wanaojisifia urefu wa orodha zao za barua pepe. Eti wana wasomaji elfu moja! Hapa Kasanga chama kimoja kingali kinamwandikia marehemu, na kinawaandikia pia walioomba zamani waondolewe. Hao, wakikasirika, hubonyeza neno “taka”. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaoandikia anwani za Gmail wahakikishe malalamiko hayo hayafiki asilimia 0.3, yaani 3 katika 1,000. Ukivuka hapo, hata tangazo la bei ya migebuka analolingoja mvuvi huenda likaishia kwenye folda ya taka. Anayetaka kusoma anaadhibiwa kwa sababu ya majina ya kujazia! Fungueni daftari, futeni. Mnaogopa nini, kubaki na mia mbili?