Tatuaje ikiwasha, mtoto asijikune

Wiki hii tunaongea na wamama ambao mtoto amerudi nyumbani na tatuaje mkononi. Kugombana mmekwisha kugombana, na mchoro hautafutika. Sasa unawasha, naye anajifungia chumbani kujikuna kwa sababu anaogopa macho yenu. Mwiteni.

Muwasho huja siku chache baada ya kuchorwa, ngozi inapokauka na kubanduka kama magamba ya samaki, na unaweza kuendelea wiki mbili au tatu. Ni kidonda kinachopona. Akijikuna, uchafu wa kucha unaingia, rangi inabaki madoamadoa, na ngozi nyeusi kama yetu ni nyepesi kuota kovu lililovimba. Bibi zetu Watabwa walichanja chale wakitaka kovu hilo litokeze; huyu wenu hakulitafuta.

Apaoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni isiyo kali, akaushe kwa kitambaa safi bila kusugua. Pakiwasha, apigepige taratibu kwa kiganja kilichonawa, au aweke kitambaa safi chenye maji baridi. Vazelini kidogo sana. Mawese hapana, dawa ya meno hapana. Na ziwani asioge kwanza, hata joto likizidi.

Pakipata moto, pakazidi kuvimba, pakatoa usaha, au homa ikipanda, nendeni kituo cha afya siku ileile. Mwulizeni pia, bila kelele, kama sindano iliyomchora ilikuwa mpya au ilipitia kwa wenzake. Kama ilipitia kwa wenzake, aombe kupimwa damu.