Kibanja si kiwanja: kabla hujanunua nyumba Kyambogo

Lori linaloingia Kampala kutoka Malaba au Busia hupita Mukono na Bweyogerere kabla ya kufika chini ya kilima cha Kyambogo. Mfanyabiashara aliyechoka kulipia vyumba vya wageni karibu na Kikuubo ana sababu ya kuutazama upande huu kwa jicho la kununua. Barabara ya Jinja iko mlangoni. Juu ya kilima kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, na wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kulala. Akisogea mashariki kidogo, kupita Kireka kuelekea Seeta, atakuta migomba imesimama bado kati ya nyumba mpya. Hapo ndipo dalali humwambia: kuna kibanja, bei nzuri, lipa leo.

Neno hilo moja limebeba hatari yote. Mtu wa Mwanza au Nakuru akisikia kibanja, sikio lake linasikia kiwanja. Mtu wa Bukoba yuko pabaya zaidi, kwa sababu kwao kibanja ni shamba la migomba la ukoo, mali isiyo na shaka. Katika Buganda, kibanja ni makazi ya mtu juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Historia yake si ndefu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia Kabaka, machifu na wakuu wengine ardhi iliyopimwa kwa maili za mraba, na ndiyo asili ya jina mailo. Wakulima waliokuwa wakiishi humo wakageuka wapangaji, wakilipa kodi ya ardhi iitwayo busuulu. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ikairudisha mailo, huku ikimlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo. Kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki halali, mmoja akiwa na hati na mwingine akiwa na nyumba.

Anayekuuzia kibanja anakuuzia haki ya yule wa pili tu. Tena hawezi kukuuzia kimyakimya. Mwenye ardhi lazima apewe nafasi ya kwanza ya kununua, na desturi inadai mnunuzi ampelekee kanzu, ambayo siku hizi ni pesa zaidi kuliko vazi. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010 yaliongeza makali: mwenye kibanja akiuza bila kumpa mwenye ardhi nafasi hiyo, anatenda kosa, mauzo hayana nguvu na ardhi inarudi kwa mwenye hati. Barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye mihuri mitatu haibadilishi hilo. Inathibitisha kwamba majirani wanamjua muuzaji, basi.

Na hata taratibu zote zikifuatwa, mgeni ana ukuta mwingine mbele yake. Katiba ya Uganda na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinamruhusu asiye raia kupata ardhi kwa njia moja tu, yaani kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99, na mkataba wa miaka mitano au zaidi ni lazima usajiliwe. Mailo hawezi kuimiliki. Kufungua kampuni Kampala hakusaidii, kwa kuwa kampuni ambayo sauti kubwa ni ya wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni.

Lakini si tuko kwenye Soko la Pamoja? Tumo, tangu Itifaki ilipoanza kutumika 1 Julai 2010, na mchele wako unavuka kwa sababu hiyo. Ila kifungu cha 15 cha Itifaki hiyo kiliiacha ardhi nje ya meza: kuipata na kuitumia kunaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Wala Uganda si mchoyo kuliko wenzake. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inamwekea asiye raia kikomo cha miaka 99 ya kukodi. Tanzania imebana zaidi, kwani Sheria yake ya Ardhi ya 1999 humpa asiye raia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, hivyo Mganda anayetaka nyumba ya kuishi Arusha ana kazi ngumu kuliko Mtanzania anayeitaka Kyambogo.

Kwa maoni yangu miaka 99 si kitu cha kulilia. Inatosha wewe na watoto wako. Kinachowaumiza watu ni njia ya mkato: kununua kwa jina la rafiki, shemeji au mshirika wa biashara aliye raia. Daftari la ardhi linamtambua yule aliyeandikwa. Siku mkikosana, au siku akifa na warithi wake wakafungua kabati, mtaji wa miaka kumi ya kusafirisha mahindi unakuwa zawadi.

Anayetaka kwenda wima atafute mwenye mailo au ardhi ya kudumu aliye tayari kumkodisha, au anunue muda uliobaki wa hati ya kukodi iliyopo. Hapo ahesabu miaka. Hati nyingi mjini zilitolewa kwa miaka 49, nyingine kwa mitano ya majaribio kwa sharti la kujenga, na bei ya nyumba haimwambii mnunuzi kama imebaki 40 au minane. Upekuzi katika ofisi ya ardhi auombe mwenyewe au wakili wake, kamwe si dalali. Kama ni nyumba ya familia, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi. Bila hivyo mauzo hayasimami.

Kisha ashuke bondeni kwa miguu, ikiwezekana baada ya mvua. Chini ya Kyambogo na Banda kuna kinamasi cha Kinawataka, na viwanja vya pembezoni mwake huwa rahisi kwa sababu inayoonekana kwa macho. Ardhi oevu nchini Uganda serikali imeishikilia kwa niaba ya wananchi, na hati iliyotolewa humo baada ya 1995 inaweza kufutwa. Waliojenga katika kinamasi cha Lubigi, upande wa pili wa mji, waliona tingatinga za NEMA mwaka 2024.