Meza Nyingi za Kamari: Je, Wingi Huondoa Hasara?

Zamani mcheza kamari alihitaji mahali pa kuchezea, wenzake wa kucheza nao, na giza la kujifichia. Leo vyote hivyo vimo ndani ya simu. Kuanzia Haydom na Dongobesh hadi Katesh na Basotu, kijana aliyetoka kuuza magunia yake ya mahindi, maharage au vitunguu saumu aweza kuitia fedha hiyo mchezoni kabla hajafika nyumbani. Tena siku hizi hachezi mchezo mmoja. Huweka mikeka mitano au kumi kwa siku, au huweka dau mbili kwa mpigo katika mchezo wa kindege, akiamini kwamba moja likipotea la pili litamfidia. Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa makaripio peke yake.

Nasi tusiogope kuzitazama faida zinazodaiwa. Qur'an Tukufu yenyewe, katika Sura Al-Baqara aya ya 219, haikukana kwamba ulevi na kamari vina manufaa fulani kwa watu. Imefundisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi yatupasa tupime pande zote mbili.

Walioishika hoja ya wingi kuliko wote ni wacheza poka wa intaneti, yaani kamari ya karata. Mezani mtu hugawiwa mkono mmoja na kungoja. Katika kompyuta aweza kufungua meza nyingi mara moja. Mwaka 2009 Mfaransa Bertrand Grospellier aliandikwa katika rekodi za dunia kwa kumaliza mashindano madogo 62 ndani ya saa moja. Wenye kuutetea mtindo huo hutaja faida tatu. Ya kwanza, mchezaji hodari huzidisha pato lake la saa. Ya pili, hachoki kungoja, hivyo hachezi karata mbovu kwa sababu ya uchovu. Ya tatu, bahati mbaya ya meza moja husawazishwa na bahati njema ya nyingine.

Madai hayo si ya uongo, bali yana sharti. Mtu akirusha sarafu mara 4 aweza kupata upande mmoja mara zote 4. Akiirusha mara 4,000 atakaribia nusu kwa nusu. Wingi, basi, humsogeza mtu kwenye wastani wake. Ambaye wastani wake ni faida, utampeleka kwenye faida. Ambaye wastani wake ni hasara, utamfikisha kwenye hasara, tena upesi zaidi. Na katika poka mwenye nyumba hukata fungu lake katika fedha inayochezwa, hivyo wachezaji wote wakijumlishwa pamoja hutoka na pungufu ya walichoingia nacho. Hata yule Mfaransa, baada ya mashindano 62, faida yake ilikuwa kama dola 23 tu. Isitoshe, mwenye macho katika meza nyingi hamsomi tena mpinzani wake. Ule ustadi anaojivunia ndio wa kwanza kumtoka.

Sasa turudi kwenye mkeka. Tuchukue mfano wa mechi ambayo kila upande una nafasi ya nusu. Malipo ya haki yangekuwa mara 2 ya dau, lakini kampuni huweka odi ya 1.90. Pungufu hiyo yaonekana ndogo. Mtu akifunga mechi 10 za namna hiyo katika mkeka mmoja, akishinda atalipwa kama mara 613. Lakini nafasi yake ya kushinda ni 1 katika 1,024. Maana yake, kwa kila shilingi 1,000 anayoiweka, wastani wa kinachorudi ni kama shilingi 599. Akiandika mikeka 10 ya aina hiyo hajajikinga na lolote; amepeleka shilingi 10,000 mahali ambapo wastani wa kurudi ni 5,990.

Kindege nacho ni vivyo hivyo. Mchezo huo huruhusu dau mbili katika mruko mmoja, na wenyewe hutangaza kwamba hurudisha asilimia 97. Anayeweka shilingi 500 mara moja kila mruko, kwa miruko 100, wastani wa hasara yake ni shilingi 1,500. Akiweka dau mbili za shilingi 500, ni shilingi 3,000. Miruko hiyo haimalizi hata jioni moja. Basi dau la pili limemfidia nini?

Yupo atakayesema: "Mbona hata mkulima hubahatisha mvua? Mbona wazee wetu hutawanya mifugo yao kwa jamaa na marafiki, ili maradhi au ukame ukipiga boma moja, ng'ombe wa boma jingine wabaki?" Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu. Kutawanya ni hekima pale ambapo kila kilichotawanywa kina uzazi ndani yake. Ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki huzaa na kutoa maziwa, na rafiki hunywa. Shamba la juu na shamba la bondeni yote huota. Lakini mkeka hauzai. Kila mmoja umekatwa kabla haujaanza, na kuvikusanya vilivyokatwa hakuvifanyi kuwa vizima.

Tena faida ya mkulima si msiba wa jirani yake. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilipoiangukia Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80, walionusurika walishikwa mkono na watu wengine, wa dini zote. Huo ndio ujirani. Kamari hufundisha kinyume chake, kwani hakuna anayepata ila kwa sababu mwingine amepoteza. Ndiyo maana Sura Al-Maida, aya ya 90 na 91, imeitaja pamoja na uadui na chuki, na pamoja na kusahauliwa kwa sala. Na mwenye kuangalia mikeka kumi, sala yake ataiswali kwa moyo upi?

Serikali imeiruhusu michezo hii kwa leseni, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na imemkataza aliye chini ya miaka 18. Lakini simu iliyosajiliwa kwa jina la baba haijui ni nani anayeibonyeza. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni wa nyumbani. Wazazi wazijue namba za siri zao peke yao. Fedha ya mavuno igawanywe siku ile ile ilipopatikana: ya mbegu, ya ada, ya chakula, na akiba ya kikundi. Na aliyekwisha kunaswa asitukanwe mbele ya watu, maana aibu humrudisha mafichoni. Aambiwe kwa upole: andika kwa mwezi mmoja kila shilingi uliyotoa na kila shilingi uliyopokea, kisha tukae tuisome pamoja. Wachezaji wengi hukumbuka siku waliyoshinda. Daftari hukumbuka siku zote.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, ijapokuwa kidogo, na atuepushe na kile ambacho wingi wake ni upungufu. Amin.