Tucheze Upatu wa Chikori

Ndugu zangu mnaoishi Lushoto, Njombe, Limuru, Kinangop na kokote ambako Julai halaliki bila blanketi la pili, nina ombi. Masika haya tengeni tuta moja, hata kama halizidi ukubwa wa mlango, mpande chikori nyekundu. Ila msipande kila mtu kivyake. Tafuteni majirani wanne, mwende kwa zamu kama tunavyocheza upatu.

Zamu ina sababu yake. Chikori ikishafunga haina subira: vichwa vya tuta moja hukomaa karibu kwa pamoja, na vikiachwa huanza kuoza kwa ndani au kupasuka na kutoa shina la maua. Familia gani itamaliza vichwa ishirini vya mboga chungu kwa mkupuo, labda iwe inafuga sungura? Lakini nyumba tano zikisia mbegu kwa kupishana wiki mbili, ya kwanza katikati ya Machi na ya mwisho katikati ya Mei, mtaa mzima utakula saladi tangu Juni hadi Agosti. Anayevuna anawagawia wenzake vichwa viwili vitatu, kisha anangoja kupokea. Mbegu nazo ni ndogo mno. Gramu moja ina mamia, nyumba moja itazipeleka wapi?

Kwa ambao hamjaiona, chikori hii ni ya jamii moja na letusi. Hufunga kichwa kinachojaa kiganja, majani yake rangi ya damu ya mzee, mishipa myeupe. Kwao ni Veneto, kaskazini mwa Italia, na pakiti za mbegu huandikwa radicchio. Wakulima wa Treviso walikuwa wakiing'oa na mizizi yake wakati wa baridi, wakaihifadhi gizani zizini, penye joto la ng'ombe, ili ichipue moyo mpya ulio laini. Siku hizi aina yao ya mwisho wa msimu husimamishwa mizizi ikiwa ndani ya maji ya chemchemi. Mboga hiyo ya zizini ilipata heshima kiasi kwamba mwaka 1996 Umoja wa Ulaya uliliwekea ulinzi jina la chikori ya Treviso. Sisi tuwaachie wenyewe kazi hiyo ya mazizi na chemchemi. Tutafute aina ya Chioggia, ya duara, inayofunga yenyewe shambani.

Katika jambo moja tumewazidi wakulima wa Ulaya. Kwao mchana hurefuka sana kiangazi, na mchana mrefu ndio unaoichochea chikori kutoa maua kabla ya wakati. Kwetu mchana hauchezi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima.

Kilimo chenyewe hakina makuu. Udongo uchimbwe kina cha kutosha, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka chini sana, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Mbegu zifunikwe kwa udongo mwembamba, sentimeta moja inatosha kabisa. Ukitumia kitalu, hamisha miche ikiwa bado midogo; ukichelewa, mzizi utakatika na mmea utadumaa. Nafasi kati ya mche na mche iwe kama sentimeta 30. Maji yaende kwa mpangilio, si leo gharika na wiki nzima ukame. Aina za mapema huvunwa baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu. Vidukari wataonja, na konokono watakuja usiku. Waokoteni asubuhi na mapema kabla jua halijawaficha.

Tafadhali msiing'oe kwa hasira mkiona majani ya kijani wiki ya sita. Ndivyo inavyoanza. Baridi ya usiku ndiyo inayokoleza wekundu, na ndiyo maana nasisitiza vichwa vifunge Juni na Julai.

Uchungu nao msiuogope. Umo katika ule utomvu mweupe unaotoka ukikata jani, na hupungua ukilowesha majani yaliyokatwa katika maji baridi kwa nusu saa. Katakata nyembamba, changanya na kitunguu, nyanya, vipande vya chungwa, chumvi na ndimu. Ndimu huutunza wekundu. Magadi usitie kabisa, maana yatakugeuzia rangi kuwa ya kibuluu isiyotamanisha. Majani ya nje, magumu, ndiyo ya sungura.

Ndugu wa Tanga, Mombasa na Unguja, msiilazimishe. Kwenye joto lenu itakimbilia maua na uchungu wake utapindukia. Nyinyi mna mchunga, ambao ni wa ukoo uleule na una utomvu mweupe uleule, tena ukikutana na tui la nazi mimi siwezi kusema chikori inaushinda. Utengeeni tuta badala ya kuungoja uote kando ya njia, na upatu wenu uwe wa mchunga.

Limebaki suala la mbegu. Si kila duka la pembejeo litakuwa nazo, na muuzaji hataagiza pakiti kwa ajili ya mtu mmoja. Mkienda watano atawasikiliza. Msimwombe shemeji aliye Ulaya azifiche sandukuni. Mbegu huingia nchini kwa kibali, na magonjwa ya mimea hayabishi hodi. Agizeni Januari ili zifike kabla ya mvua. Mkikaa kupanga majina, zamu ya kwanza apewe anayeishi karibu na bomba, maana miche ya Machi huweza kukutana na jua kali masika yakichelewa. Mwenye sungura awe wa mwisho.