Swampu ya Umma Si Ploti

Wasee, kila mtu anaijua Uganda Cranes. Huyo ndege mwenye taji la dhahabu yuko hadi kwa bendera yao. Lakini nikiwauliza ni nani amewahi kumwona kwa macho yake hapa Kenya, najua wengi mtanyamaza. Mimi nilimwona nikiwa mdogo, shags kwa kukhu, Trans Nzoia. Walikuwa wawili kando ya swampu, wanaruka, wanainamiana, wanakunjua mabawa kama watu wako harusini. Kukhu alitukataza kuwarushia mawe.

Desemba iliyopita nilirudi. Swampu imechimbwa mitaro, maji yametolewa, katikati kuna mahindi na nepia. Korongo hata mmoja hakuna. Nikamuuliza mzee mmoja jirani hiyo shamba ni ya nani. Akacheka: "Hiyo ni ya serikali, kijana. Haina mwenyewe."

Hapo ndipo shida iko. Kwetu, mali ya umma ni mali ya atakayewahi.

Sasa elewa huyu ndege anaishi aje. Usiku korongo taji hulala juu ya mti, lakini kiota hajengi huko. Anajenga chini, ndani ya kinamasi, kwa kulaza nyasi na matete katikati ya maji. Anataga mayai mawili au matatu hivi. Mama na baba wanapokezana kuyaatamia kwa karibu mwezi mmoja, halafu vifaranga hukaa miezi miwili au mitatu kabla waweze kuruka. Piga hesabu: ni kama miezi minne ya kuhitaji maji yasiyokauka na mahali pasipo mbwa, moto wala jembe. Ukitoa maji, kiota kinafikiwa na kila mtu. Ndiyo maana tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kuangamia.

Na sheria si kwamba haipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu mito, maziwa na maeneo ya vyanzo vya maji kama ardhi ya umma. Kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuisimamia kwa niaba ya serikali kuu na za kaunti. Kwa hivyo mwenyewe yuko. Ni mimi na wewe, tu hatujawahi kuuliza.

Najua mtu ataniambia, "Wewe unakaa tao, unakula chipo, unamwambia mkulima aache kulima juu ya ndege?" Swali fiti. Kiangazi kikikaza, swampu ndiyo mahali pekee pa kijani. Ng'ombe wanakula wapi? Nduma itapandwa wapi? Sisemi watu wafukuzwe. Lakini hata mkulima anapoteza. Kukhu anasema kisima chake, ambacho hakikuwahi kukauka, sasa kikifika mwezi wa pili kinatoa matope. Swampu ilikuwa tangi la kijiji, na tumelitoboa.

Pia kuzungushia ua pekee hakutatosha. Hapo hapo Trans Nzoia tuko na Mbuga ya Saiwa Swamp, iliyoanzishwa 1974, ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini, kilomita tatu hivi za mraba. Korongo wanaipenda. Lakini maji yake yanatoka juu, kwenye mashamba, na korongo wenyewe hutoka kwenda kutafuta wadudu na nafaka kwa shamba za watu. Mbuga haiwezi kuokoa ndege ambaye jirani zake wote wamekausha maji.

Mimi naona hivi. Kwanza, vinamasi vya umma vipimwe na viwekewe mipaka kabla mtu hajaibuka na hati. Pili, mipaka ikishawekwa, watu wasifungiwe nje: pembeni walishe na wakate nyasi, lakini katikati paachwe, na mitaro izibwe. Tatu, kwa sababu korongo hapa kwetu anaweza kutaga karibu wakati wowote wa mwaka, tarehe zilizoandikwa Nairobi hazitasaidia. Anayejua kiota kiko wapi ni kijana anayechunga hapo kila siku. Huyo ndiye alipwe na kaunti kuwa mlinzi. Tunalia hakuna kazi, na hii ni kazi.

Wewe wa tao, kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti au mpango wa ardhi, enda. Uliza swali moja tu: swampu zetu ni ngapi, na ziko kwa jina la nani?

Kukhu bado yuko, na bado hukaa nje jioni akiangalia upande ule. Ningependa awaone tena, hata kama ni wawili tu.