Subira Haipimwi kwa Machozi





Msiba unapoingia nyumbani, watu huwa wepesi wa kuhukumu. Mama akiwa bado analia wiki ya tatu, huambiwa imani yake ni dhaifu. Baba akinyamaza na kuwa mkali kwa watoto, husifiwa kuwa ameumudu mtihani. Kijana wa kiume anayepigana madrasa huitwa mtukutu, na dada yake asiyekula huambiwa anadeka. Sisi walimu hapa Naguru tunayasikia maneno haya mara nyingi, na tunaona ni wajibu wetu kusema kwamba hayana msingi, si katika dini wala katika elimu ya mwili.

Tuanze na mwili. Mtu anapopatwa na hofu, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa kijumbe kiitwacho CRF, ambacho Wylie Vale na wenzake huko California walikitambua mwaka 1981. Kijumbe hicho huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, zikamwaga homoni ya kortisoli. Homoni hii huupa mwili nguvu ya kukabili hatari. Kisha hufika kwenye ubongo na kupokelewa na protini maalumu, yaani kipokezi chake, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Hapo ubongo hupata habari kwamba yatosha, na amri ya kumwaga homoni hupungua. Protini hiyo hiyo hushiriki pia katika kuhifadhi kumbukumbu za mambo yaliyotutisha.

Je, mambo haya huenda sawa kwa mume na mke? Mwaka 2010 Debra Bangasser, Rita Valentino na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya panya. Panya dume walipopata msongo, seli fulani za ubongo wao zilivivuta ndani vipokezi vya CRF, kama mtu anayefunga dirisha kelele zikizidi. Kwa panya jike vipokezi vilibaki nje, na dirisha likawa wazi.

Naam, panya si binadamu. Lakini upo uchunguzi uliofanywa kwa watu, tena hapa nchini kwetu, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Wataalamu kutoka Ulaya waliwachunguza manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 waliokuwa wakiishi huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliangalia alama za kikemikali zinazokaa juu ya jeni inayotengeneza kile kipokezi cha kortisoli. Wanaume waliokuwa na alama nyingi zaidi mahali fulani pa jeni hiyo walisumbuliwa kidogo zaidi na kumbukumbu zinazojirudia zenyewe, na hatari yao ya kuugua kiwewe ilikuwa ndogo zaidi. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana.

Tusiharakishe kufasiri. Uchunguzi huu hausemi kwamba wanaume wana subira kuliko wanawake. Unaonyesha kwamba njia ambayo balaa hupita mwilini huenda isiwe moja kwa wote, na kwamba hata wanaume wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana. Kwa miaka mingi watafiti walitumia zaidi wanyama dume, na ni mwaka 2016 tu ambapo taasisi kuu ya afya ya Marekani ilianza kuwataka watafiti inaowafadhili wazingatie jinsia zote mbili. Ikiwa wataalamu walichelewa hivyo, sisi tunapata wapi haraka ya kumpima kila mtu kwa kipimo kimoja?

Wapo watakaouliza: basi kila mkali atasingizia homoni? La. Kumpiga mke au kuwatisha watoto ni dhulma, na homoni haimwondolei mtu dhima yake. Anayejua kwamba amebadilika baada ya msiba ana wajibu mkubwa zaidi wa kutafuta tiba.

Ama katika dini, Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa ajili ya mwanawe Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nani atathubutu kusema walikosa subira? Basi kwa nini tumwambie mtoto wa kiume kwamba mwanamume halii?

Ndugu zetu, tuwaangalie watu wetu baada ya msiba, ajali au ugomvi mkubwa: usingizi, chakula, hasira, kujitenga, masomo. Hali ikipita mwezi bila nafuu, tumwone daktari katika Hospitali ya Naguru, au twende Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ambayo iko hapa hapa Kampala. Kwenda huko si aibu, na dua haizuii dawa. Nasi walimu, kabla ya kushika fimbo, tumuulize mtoto kwanza: nyumbani kuna nini?

Tunamuomba Allah awape wepesi wote wenye dhiki, wake kwa waume.

Wabillahi tawfiq.