Tawi Halikukatika, Lilikatwa

Kwa miongo mingi tuliwaandikisha watoto wetu Kidato cha Kwanza bila kuwaambia kwamba kidato, kabla ya kuingia shuleni, kilikuwa mnazini. Ni lile pengo analolichonga mkwezi katika shina ili apate pa kutia mguu. Neno hilo lilinirudia nilipokuwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi katika kisiwa cha Lamu, nikimtazama mkwezi mzee akiikataa kazi.

Mwenye shamba alitaka nazi ziangushwe na makuti makavu yaondolewe asubuhi ile ile. Mzee aligonga shina kwa mgongo wa panga, akasikiliza, kisha akasema kwamba vidato vya zamani vimeingiza maji, shina limeoza ndani, naye hapandi. Akaambiwa kuwa vijana wa kupanda hawakosekani.

"Hawakosekani, bwana," akajibu, "na akianguka mmoja wao utasemaje?"

"Nitasema ni kadari."

Nilistaajabu kulisikia jibu hilo Matondoni. Hapo jahazi likivuja, fundi huitwa akaulizwa habari za mbao na kalafati, wala hakubaliwi kuisingizia bahari. Mbona basi juu ya mnazi hapaulizwi mtu?

Nami si mgeni wa jambo hili. Nilipokuwa Kidato cha Pili, katika shule ambayo sitaitaja, mwenzetu mmoja alitumwa kupogoa mwembe uliokuwa ukikwaruza mabati ya darasa. Alipewa panga, hakupewa kamba. Tawi alilolikanyaga lilikuwa bovu. Tuliokuwa chini tulisikia mlio, kisha kimya, kisha kilio. Jioni tulitangaziwa gwarideni kwamba "tawi lilikatika, mwanafunzi akaanguka, akavunjika mkono." Mkono huo haukunyooka tena.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha minyambuliko ya vitenzi, ndipo nilipofahamu tulichotendewa na sentensi ile. Lugha yetu ina kauli ya kutendeka: katika, vunjika, anguka na nduguze. Ni kauli yenye manufaa, kwani kuna mambo mengi ambayo kweli hutokea bila mkono wa mtu. Lakini pia ni maficho mazuri kupita kiasi. "Lilikatika" haliachi hata nafasi ya kumtaja mtenda. Kauli ya kutendwa angalau huacha mlango wazi: alitumwa, na nani? Katika tangazo lile kitenzi "alitumwa" hakikuwamo kabisa. Mwalimu aliyetuma, na mkuu aliyeuacha mwembe ule ukue hadi juu ya paa, wote wawili walitolewa nje ya sentensi.

Wala tusiitwike dini mzigo huu. Wanazuoni wa fikihi waliliamua jambo hili karne nyingi zilizopita: anayejitia katika kazi asiyoijua akadhuru, hubeba dhamana ya alichokiharibu, hata kama nia yake ilikuwa njema. Kuiamini kadari hakukumfutia mtu dhamana. Ni kweli kwamba mahakama za Kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Mashtaka ya mkono uliovunjika huenda katika mahakama za kawaida.

Huko nako sheria ipo. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu dhima ya mwenye mahali kwa wanaoingia kwake, humtaka awalinde kwa kiasi cha busara, na humtaka atarajie kwamba watoto watakuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Sheria iyo hiyo humruhusu kutarajia kwamba fundi atajihadhari na hatari za kawaida za ufundi wake. Kwa hiyo mkwezi aliyebobea ana udhuru mdogo akilalamikia urefu wa mnazi. Mtoto wa shule je? Yeye si fundi, na aliyempandisha hawezi kumtwika hadhari ya fundi.

Panapolegea ni kwa mkwezi mwenyewe. Sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini humlazimu mwajiri kuwakatia bima waajiriwa wake. Lakini mtu anayelipwa kwa hesabu ya minazi, au kwa nazi zenyewe, huambiwa kwamba si mwajiriwa wa yeyote. Asubuhi kila mwenye shamba humhitaji. Akianguka adhuhuri, huonekana kuwa alikuwa akijifanyia kazi zake. Hapa Bunge lina kazi. Sisi walimu hatuna haja ya kulisubiri. Miti iliyo karibu na madarasa ikaguliwe wakati wa likizo, aitwe mkwezi au mkata miti anayejua, uwanja uwe mtupu, naye alipwe kwa kazi yake na pia kwa ushauri wake anaposema kwamba mti haupandiki.

Yule mzee wa Matondoni hakulipwa hata senti. Nilipoondoka, alikuwa amekaa kivulini akinoa panga, na mwenye shamba alikuwa amekwenda kutafuta kijana.